Birkin na Hesabu ya Supachaja

Pale vimbwetani ubishi wa magari hauishi: ukiifunga injini supachaja, unaongeza nguvu farasi ngapi? Mimi huwa nawajibu wenzangu kwa maisha ya Tim Birkin, dereva Mwingereza aliyezaliwa 1896.

Bentley ya lita 4.5 ilitoa nguvu farasi 110. Birkin akaziona chache, akataka supachaja. W.O. Bentley, aliyeibuni injini, hakuafiki kabisa. Kwake, ukitaka nguvu unaongeza lita. Birkin hakurudi nyuma. Fedha zikatoka kwa Dorothy Paget, supachaja ikabuniwa na Amherst Villiers. Gari la barabarani likafika 175, la mashindano 240.

Hesabu ya haraka ni rahisi: hewa ikisukumwa kwa mgandamizo mara 1.6 ya kawaida, 110 mara 1.6 ni 176. Ila hicho ni kikomo cha juu. Supachaja yenyewe inakula nguvu ya injini, na hewa ikibanwa inapata joto na kutanuka. Kwa hiyo punguza.

Halafu kuna uimara. Le Mans 1930, Bentley ya Birkin haikumaliza. Ilishinda Speed Six ya lita 6.5, isiyo na supachaja. Yeye alishinda huko 1929 kwa Speed Six, na 1931 kwa Alfa Romeo yenye supachaja, ila injini yake ilibuniwa nayo tangu mwanzo. Alifariki 1933, akiwa na miaka 36.

Kwa hiyo, jamani, mkishapata jibu la farasi wangapi, ulizeni pia injini itawabeba kwa saa ngapi.