David Bruce: Daktari aliyemfichua mbung'o katika fumbo la malale

JANGA la korona lilipoingia Kenya mnamo Machi 2020, wengi waliliona kuwa la mapafu pekee. Haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kubaini kuwa baadhi ya waliopona homa na kikohozi walipoteza uwezo wa kunusa, wakawa wasahaulifu au wakapatwa na kiharusi.

Kwamba maradhi yanayoanza kwa homa yaweza kuishia ubongoni si habari ngeni Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 100 iliyopita malale iliwaangamiza watu kwa njia hiyo, na miongoni mwa waliofumbua fumbo lake alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, Sir David Bruce.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, na wazazi wenye asili ya Scotland, akalelewa Scotland na kusomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1883 alijiunga na jeshi na kumwoa Mary Elizabeth Steele, aliyekuwa mshirika wake wa maabara maisha yote.

Akiwa kisiwani Malta mwaka 1887, alitambua kijidudu kilichokuwa kikiwaua askari kwa homa isiyokatika. Mwaka 1905, Themistocles Zammit, daktari Mmalta katika tume iliyoongozwa na Bruce, aligundua kuwa mbuzi walikibeba kijidudu hicho, na maziwa mabichi yakathibitika kuwa njia ya kukieneza. Leo ugonjwa huo huitwa bruselosi, kwa jina la Bruce. Nao pia huweza kushambulia mfumo wa neva.

Kuanzia mwaka 1894 alifanya kazi Zululand, Afrika Kusini, mifugo ilikokuwa ikifa kwa nagana. Katika damu ya ng'ombe aliona vimelea aina ya tripanosoma, akathibitisha kuwa mbung'o ndiye aliyevibeba.

Ujuzi huo ndio uliomfikisha Entebbe, Uganda, mnamo Machi 1903. Miaka miwili awali, madaktari wa hospitali ya Mengo walikuwa wamewaona wagonjwa wa kwanza wa malale. Homa ilifuatwa na usingizi wa mchana, kukesha usiku, kubadilika kwa tabia na hatimaye kifo.

Huko alimkuta kijana Mwitaliano, Aldo Castellani, ambaye mwishoni mwa mwaka 1902 alikuwa ameona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Hapo ndipo ilipodhihirika kuwa vimelea huondoka katika damu na kuuvamia ubongo. Bruce aliitambua mara moja thamani ya jambo hilo, akaendeleza utafiti na kuonyesha kuwa maeneo ya malale yalilingana na makazi ya mbung'o. Baadaye ulizuka ugomvi mkali kuhusu nani astahili sifa.

Hata hivyo, kujua chanzo hakukuwa kupata tiba. Watu zaidi ya 200,000 walikufa Uganda katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 20. Dawa ya atoksili, iliyojaribiwa na Mjerumani Robert Koch katika visiwa vya Ssese, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Nayo serikali ya kikoloni iliwahamisha wakazi wa pwani ya Ziwa Victoria, wakaacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Bruce alirejea Uganda mwaka 1908, kisha akafanya utafiti Nyasaland, Malawi ya leo. Alifariki London tarehe 27 Novemba 1931, siku nne tu baada ya mkewe, wakati ibada ya mazishi ya mkewe ikiendelea.

Mfugaji wa Rombo, kusini mwa Kajiado, huenda asilijue jina lake, lakini hatari mbili alizozichunguza, mbung'o na maziwa mabichi, ni za maisha ya kila mfugaji. Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imetokomeza malale kama tatizo la afya ya umma.

Hata hivyo, funzo la Entebbe limebaki. Kushuka kwa homa si lazima kuwe mwisho wa ugonjwa. Anayeanza kusahau, kuchanganyikiwa au kulala ovyo baada ya maradhi hajalogwa wala si mvivu. Apelekwe hospitalini mapema.