Mwenye Heri Yakobo wa Ulm, Bruda Aliyeacha Kazi Yake Motoni

Tunapovuka kutoka Tanga kwenda Unguja na kuingia katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, tunayaona madirisha ya vioo vya rangi yaliyoletwa kutoka Ufaransa. Leo tumtafakari mtawa ambaye mafundi wa vioo hivyo humheshimu kama msimamizi wao.

Yakobo alizaliwa mwaka 1407 mjini Ulm, Ujerumani. Akiwa kijana alikwenda kuhiji Roma, kisha akawa askari huko Napoli. Maovu ya kambini yalimchukiza, akayaacha, akamtumikia mwanasheria aliyempenda kama mwana wa kumzaa. Hatimaye alifika Bologna, akasali kwenye kaburi la Mtakatifu Dominiko, na mwaka 1441 akapokelewa kuwa bruda katika Shirika la Wahubiri.

Utume wake ukawa vioo. Fundi hukata vipande vya kioo vyenye rangi, huchora juu yake nyuso na mikunjo ya mavazi, huvichoma tanurini ili mchoro ushikamane, kisha huviunga kwa risasi. Moto ukizidi, kioo huharibika. Ukipungua, mchoro hufutika. Kwa hiyo fundi haliachi tanuri lake.

Inasimuliwa kwamba siku moja, kioo kikiwa tayari motoni, mkuu wake alimwamuru aende mjini kuwaombea watawa sadaka. Yakobo alijua kwamba huenda akapoteza kazi ya siku nyingi. Hakubisha, aliondoka. Aliporudi alikikuta kioo ni kizima, tena kizuri mno.

Tusiisome habari hii kama ahadi kwamba kila tutakachokiacha tutakikuta salama. Mvuvi anayeitwa msibani samaki wakiwa wengi hupoteza riziki ya siku hiyo. Mama anayefunga genge lake ili amuuguze jirani hapati wateja wale tena. Nasi mapadre hatupendi sikuzote kuamshwa usiku kwenda kumpaka mgonjwa mafuta. Yakobo alipotoka mlangoni hakujua atakachokikuta. Alikuwa amekwisha kuitoa kazi yake, na hapo ndipo ulipo utii wake.

Alifariki tarehe 11 Oktoba 1491, na Papa Leo XII alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1825. Katika Basilika ya Mtakatifu Petronio, Bologna, vioo vyake vingali vinapitisha nuru ya jua.

Mwenye Heri Yakobo wa Ulm, utuombee.