Rudolf Diesel, Mtu Aliyewasha Moto kwa Hewa

Katika kata ya Msamala, mjini Songea, hakuna mtoto asiyelijua neno dizeli. Malori yatokayo Makambako, mwendo wa karibu kilometa 300, huenda kwa dizeli. Mabasi yaendayo Mbinga huenda kwa dizeli. Na kwa miaka mingi taa za mji wenyewe ziliwaka kwa mitambo ya dizeli, mpaka umeme wa gridi ya Taifa ulipofika mwaka 2018. Lakini watu wengi hudhani ya kuwa dizeli ni jina la mafuta tu. Sivyo. Lilikuwa jina la mtu kabla halijawa jina la mafuta, na mtu huyo alipata taabu nyingi kabla ya kuiona injini yake ikizunguka.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani. Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi, wala hakuwa tajiri. Rudolf alimsaidia baba yake kuwapelekea wanunuzi mizigo yao. Kila alipopata nafasi alikwenda katika nyumba ya makumbusho ya ufundi, akasimama mbele ya mitambo ya kale na kuitazama kwa makini.

Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Wafaransa na Wajerumani. Wajerumani waliokaa Paris wakalazimika kuondoka, nao akina Diesel wakavuka bahari wakaenda London. Huko maisha yakawa magumu. Ndipo wazazi wakamtuma Rudolf, naye alikuwa mtoto wa miaka 12, asafiri mpaka Augsburg katika Ujerumani, akae kwa jamaa zake. Mwenye nyumba ile alikuwa mwalimu wa hesabu, jina lake Barnickel. Mtoto aliwakumbuka sana wazazi wake, lakini hakuacha kusoma. Alipokuwa na umri wa miaka 14 aliwaandikia barua kuwajulisha ya kuwa amekusudia kuwa mhandisi.

Basi akasoma Augsburg, kisha akaingia chuo kikuu cha ufundi cha Munich. Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, mtu mashuhuri kwa mitambo ya kutengeneza barafu. Siku moja mwalimu huyo aliwaeleza wanafunzi habari za injini za mvuke, ambazo wakati ule ndizo zilizoendesha viwanda, meli na gari la moshi. Aliwaonyesha ya kuwa katika joto lote la makaa yaliyochomwa, injini ya mvuke hugeuza sehemu 10 tu katika 100, au pungufu, kuwa kazi. Zilizobaki hupotea bure. Diesel aliposikia hayo moyo wake haukutulia. Akajiuliza kama haiwezekani kuunda injini isiyopoteza joto kiasi hicho. Swali hilo hakuliacha tena.

Mwaka 1879, mtihani wa mwisho ulipokaribia, alishikwa na homa ya matumbo akashindwa kuufanya. Hakukata tamaa. Alipopona alikwenda Winterthur, katika Uswisi, akafanya kazi kiwandani ili mikono yake ijifunze yale ambayo kichwa chake kilikwisha kujua. Mwezi wa Januari 1880 akafanya mtihani na kushinda kwa sifa kubwa. Kisha akarudi Paris kufanya kazi katika kiwanda cha barafu cha Linde. Mwaka 1883 akamwoa Martha Flasche, nao wakapata watoto watatu.

Kazi yake ilikuwa barafu, lakini fikira zake zilikuwa juu ya moto. Kwanza alijaribu injini iliyotumia mvuke wa amonia. Siku moja mtambo ule ulipasuka, naye akaumia sana, nusura afe, akalazwa hospitalini kwa muda mrefu. Hapo akaitupa njia hiyo na kutafuta nyingine.

Njia aliyoiona ni hii. Mtu ajazaye upepo katika gurudumu la baiskeli huona ya kuwa pampu hupata joto mkononi. Sababu moja ya joto hilo ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto. Ikishindiliwa zaidi, moto wake huzidi. Diesel alifikiri ya kuwa hewa ikishindiliwa kwa nguvu sana ndani ya silinda, joto lake litapita digrii 500, na mafuta yakinyunyizwa humo yatawaka yenyewe. Haitahitajiwa cheche wala plagi. Mwezi wa Februari 1892 aliomba hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na mwaka 1893 akatoa kitabu cha kuueleza. Wataalamu wengi walisema jambo hilo haliwezekani. Lakini kiwanda cha mitambo cha Augsburg na kiwanda cha Krupp vilikubali kumsaidia.

Injini ya kwanza ilijaribiwa Augsburg tarehe 10 Agosti 1893. Mafuta yalipoingia yaliwaka kwa kishindo kikubwa, na chombo cha kupimia kikapasuka, vipande vikaruka karibu na vichwa vya watu. Injini haikuendelea kuzunguka. Mtu mwingine angeondoka kwa aibu, bali Diesel alifurahi, kwa kuwa alikwisha kuona ya kuwa mafuta huwaka bila cheche. Akaandika yote yaliyotokea, akaifungua injini, akatafuta kasoro moja moja. Tarehe 17 Februari 1894 injini ikazunguka kwa nguvu zake yenyewe kwa muda wa dakika moja tu. Dakika hiyo moja iligharimu miaka mingi, na bado kazi haikwisha. Kwa miaka mingine mitatu alibadili vyombo, akapima, akaandika, akabadili tena. Hata mwezi wa Februari 1897 profesa Schröter wa Munich akaipima injini mbele ya watu, akaona ya kuwa hugeuza sehemu 26 katika 100 za joto la mafuta kuwa kazi. Hapakuwa na injini nyingine duniani iliyoweza hivyo.

Diesel hakuitengeneza injini hii kwa ajili ya matajiri. Aliona ya kuwa injini za mvuke ni kubwa na za gharama, hata mafundi wadogo hushindwa na viwanda vikubwa na kupoteza kazi zao. Alitumaini ya kuwa injini yake itamwezesha seremala, mfumaji na msagaji wa nafaka kupata nguvu katika nyumba zao. Tena mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, injini moja ya namna yake iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilifikiri ya kuwa nchi za Afrika zilimazo karanga zingeweza kuendesha mitambo kwa mazao yao wenyewe.

Mambo hayakwenda kama alivyotumaini. Injini za kwanza zilikuwa nzito mno kwa fundi mdogo, nazo zikanunuliwa na viwanda na wenye meli. Mwaka 1912 meli ya Denmark iitwayo Selandia ilisafiri mpaka Bangkok bila tanuri la makaa, na watu wakastaajabu. Jina la Diesel likaenea kila mahali. Alipata fedha nyingi sana, akajenga jumba la fahari Munich. Lakini mtu huyu, aliyeipima injini kwa subira isiyo kifani, hakuzipima hivyo hesabu zake. Aliweka fedha zake katika mashamba na biashara asizozijua vema, zikapotea. Kesi za uvumbuzi wake zikamchosha, afya yake ikaharibika, na madeni yakaongezeka. Watu wa nje waliona jumba tu.

Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli iitwayo Dresden katika bandari ya Antwerp, ili aende Uingereza kwa mkutano. Alikula chakula na wenzake, akawaaga, akaomba aamshwe asubuhi mapema. Asubuhi hakuonekana. Kitanda chake hakikulaliwa, na kofia na koti lake vilikutwa sitahani. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini, wakachukua vitu vilivyokuwa mifukoni, na mwanawe Eugen akavitambua kuwa ni vya baba yake. Alikuwa na umri wa miaka 55. Namna alivyokufa haikupata kujulikana kwa hakika hata leo.

Kazi yake haikuzama pamoja naye. Mafundi wengine waliifanya injini kuwa nyepesi. Katika miaka ya 1920 malori ya dizeli yakaanza kwenda barabarani, na mwaka 1927 kiwanda cha Robert Bosch kikaanza kutoa pampu ndogo ya kusukumia mafuta. Hivyo injini ile ndefu ya Augsburg, iliyopita kimo cha mtu, ikawa ndogo hata ikaingia katika gari na katika mashine ya kusaga mahindi. Katika vijiji vingi vya Ruvuma mashine hizo zilisaga unga miaka mingi kabla ya umeme kufika. Ndiyo kazi aliyoitamani Diesel, nguvu mkononi mwa mtu mdogo, ingawa yeye hakuiona.

Naye mtu wa Msamala atunzaye gari lake nyumbani hufuata njia ile ile ya Diesel, yaani kutazama kwanza, kisha kufungua. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hutaka vitu vitatu tu: hewa safi, mshindilio mzuri, na mafuta safi yanayofika kwa wakati wake. Moshi huonyesha ni kipi kilichopungua. Moshi mweusi huonyesha ya kuwa hewa ni haba au mafuta yamezidi. Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jingi, chujio la hewa hutazamwa kwanza. Moshi wa buluu huonyesha ya kuwa oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto huonyesha ya kuwa mafuta hayaungui vema, au maji ya rejeta yanaingia ndani. Injini ikikataa kuwaka baada ya dizeli kwisha kabisa, mara nyingi hewa imeingia katika mirija, nayo haina budi kutolewa upepo. Maji yaliyotuama chini ya chujio la dizeli humwagwa kabla hayajaharibu pampu na nozeli. Wala mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa na moto, kwa maana maji yachemkayo hayana huruma.

Fundi mwema huandika siku aliyobadili oili na kilometa zilizokwenda, kama Diesel alivyoandika kila jaribio, lile lililofaulu na lile lililoshindwa. Daftari lake lilimpa injini. Daftari la fedha zake alilifungua akiwa amechelewa.