Mfalme Aliyetawala Kinywa Chake

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Danieli 1:5–16, Mithali 31:4, 5, Kutoka 15:22–27, 2 Wafalme 5:9–14, 1 Wakorintho 9:24–27.

Fungu la kukariri: Danieli 1:12. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila asubuhi ya juma hili.

Katika makundi yetu ya Karagwe na Kyerwa wako wapendwa wanaosema kwamba maji hayawashuki. Uji wanakunywa, chai wanakunywa, soda ikitokea wanaifurahia. Lakini maji matupu wakiyatia mdomoni wanaona kichefuchefu. Mganga wa zahanati akiwaagiza wanywe maji wanaitikia vizuri, kisha wakifika nyumbani mtungi unabaki umejaa.

Jambo hili si dogo. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji. Yakipungua, kichwa kinauma jioni baada ya kuchuma kahawa juani, choo kinakuwa kigumu, mkojo unakuwa wa rangi nzito, na wengine hupata mawe ya figo, ambayo maumivu yake hayasahauliki.

Juma hili tutafuatana na mtu mashuhuri wa nchi yetu hii, Omukama Rumanyika wa Karagwe. Hakuwa Mkristo, wala hatusemi kwamba alikuwa mnywaji mkubwa wa maji. Kinywaji chake kilikuwa maziwa. Tunamsoma kwa sababu nyumbani mwake tunaona wazi kwamba ladha hufundishwa. Hakuna aliyezaliwa akipenda pombe, wala aliyezaliwa akichukia maji. Swali ni nani anayekifundisha kinywa chako.

JUMAPILI
Ngoma Ndogo

Rumanyika alikuwa wa ukoo wa Bahinda, watawala waliohesabu nasaba yao hadi kwa Ruhinda. Makao yake yalikuwa Bweranyange, juu ya vilima vinavyotazama ziwa. Wakati huo Karagwe na Kyerwa zilikuwa nchi moja chini ya mfalme mmoja. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012 tu.

Baba yake, Ndagara, alipofariki katikati ya karne ya 19, ndugu waligombea kiti. Masimulizi aliyoelezwa mgeni mmoja wa Kiingereza yalisema kwamba ndugu watatu waliwekewa ngoma ndogo mbele yao. Kwa macho ilikuwa nyepesi, ila iliaminiwa kuwa imetiwa dawa hata isiinuke kwa mtu asiyestahili. Wenzake wakashindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole kidogo.

Hata hivyo kiti hakikutulia mara moja. Ndugu yake Rogero alimpinga kwa vita, na Rumanyika alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na makazi Kazeh, ambako leo ni Tabora. Ndipo akatawala.

Sisi hatuamini uganga wa ngoma ile. Lakini tunajua kwamba yako mambo mepesi kwa macho na mazito kwa mkono. Kikombe cha maji ni kimojawapo. Mtu anaweza kubeba mkungu mzima wa ndizi kutoka shambani, na kikombe kikamshinda.

Ni tendo gani dogo la afya unalolijua siku nyingi, lakini bado hujaliinua? Nini hasa kinakuzuia?

JUMATATU
Jumba Lenye Rubisi

Mwezi Novemba 1861 walifika Bweranyange wasafiri wawili wa Kiingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nile. Njiani walikuwa wamesumbuliwa na watemi waliodai hongo kila kituo. Walipoingia Karagwe mambo yalibadilika: walipokewa kwa heshima, wakapewa chakula, na mfalme mwenyewe akawauliza maswali mengi juu ya dunia. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda. Grant alikuwa na kidonda kibaya cha mguu, akabaki chini ya uangalizi wa Rumanyika hadi Aprili.

Katika yale waliyoandika, wageni hao walieleza habari moja ambayo msomaji Mwadventista hawezi kuipita. Nchi ilikuwa na ndizi tele, na kwa hiyo rubisi ilikuwa tele. Watu waliinywa sana. Lakini mfalme, ambaye hakukosa kitu na ambaye hakuna aliyeweza kumkataza, karibu hakuigusa kabisa. Haikujulikana hata siku moja kwamba Rumanyika amelewa. Aliishi kwa maziwa, na nyama iliyochemshwa aliifyonza mchuzi tu bila kuila.

Fikiri juu ya hilo. Kinywaji kilikuwa mlangoni pake. Wageni wa kila namna walikuja na karamu. Ngoma zilipigwa kila mwezi ulipoandama. Naye aliweza kuketi katikati ya wanywaji bila kinywa chake kuwafuata. Mama yake Lemueli alimwonya mwanawe juu ya jambo hilohilo (Mithali 31:4, 5), kwa sababu mfalme akilewa, maskini ndiye anayeumia barazani.

Danieli naye alikuwa katika jumba la mfalme. Soma Danieli 1:8. Angalia kwamba uamuzi ulifanyika moyoni kabla meza haijaandaliwa. Anayengoja kikombe kifike mbele yake ndipo aamue, mara nyingi ameshachelewa.

Danieli aliomba kitu gani cha kunywa, na kwa siku ngapi? Kwa nini ilifaa kuanza na muda mfupi unaohesabika?

JUMANNE
Fimbo na Kibuyu cha Maziwa

Katika jumba hilohilo kulikuwa na shule nyingine ya kinywa. Uzuri wa mwanamke wa nyumba ya kifalme ulipimwa kwa unene, na unene ulitafutwa kwa maziwa. Wake na mabinti walikunywa maziwa tangu asubuhi, iwe wana kiu au hawana. Speke alimkuta mke wa ndugu mkubwa wa mfalme akiwa mnene hata hawezi kusimama. Shemeji mwingine wa mfalme alimruhusu ampime: mzunguko wa mkono wake ulikuwa futi 1 na inchi 11, yaani kama sentimeta 58. Karibu yake alikaa binti wa miaka 16 akinyonya maziwa chunguni, na baba yake amesimama na fimbo mkononi ili asiache.

Tusiwacheke. Kila zama zina fimbo yake. Leo mtoto wa Kayanga au Nkwenda hapigwi ili anywe soda, lakini anaiona kwenye sherehe, anapewa kama zawadi, na maji anapewa pale pesa inapokosekana. Mgeni akiletewa maji matupu, mwenyeji anaomba radhi. Mtoto anayeyaona hayo miaka kumi amefundishwa, ingawa hakuna aliyemtamkia neno. Anajifunza kwamba kitamu ni heshima na maji ni umaskini.

Mazoea yale ya jumbani hayakudumu. Baada ya kifo cha Rumanyika, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka uliwaua ng'ombe kwa wingi katika nchi hizi, na heshima iliyojengwa juu ya maziwa ikatikisika pamoja na mazizi.

Nyumbani kwako, kinywaji gani hutolewa kama heshima, na kipi hutolewa kama adhabu au upungufu? Watoto wanajifunza nini hapo?

JUMATANO
Maji ya Mtagata

Mwaka 1876 alifika mgeni mwingine, Henry Morton Stanley. Alimkuta Rumanyika akiwa mzee mrefu sana, mpole wa sauti na mkarimu kama zamani. Kwa ruhusa ya mfalme alikwenda kuona chemchemi za moto za Mtagata, ambazo leo zimo wilayani Kyerwa. Alikuta wagonjwa waliotoka mbali, wamepiga kambi, wakioga na kunywa wakitumaini kupona. Stanley naye alioga, na maji yale aliyanywa kwa wingi.

Hapo pana jambo la kutafakari. Mtu anaweza kutembea siku nyingi ili anywe maji ya moto yanayotoka mwambani, na nyumbani mtungi wa maji baridi hakuugusa. Tunaheshimu maji yenye sifa, tunadharau maji ya kila siku. Naamani alikuwa hivyo. Soma 2 Wafalme 5:9–14. Alitaka jambo kubwa, na mito ya kwao aliiona bora. Watumishi wake ndio waliomrudisha kwa swali rahisi: kama angeambiwa jambo gumu, je, asingelifanya?

Vivyo hivyo wengi wetu tuko tayari kununua dawa ya kusafisha figo inayouzwa mnadani kwa bei kubwa, kumbe figo husafishwa kwa kazi yao wenyewe zikipata maji ya kutosha. Rumanyika alifariki miaka michache baada ya ziara ya Stanley. Chemchemi zile bado zinatiririka, na mtungi wako bado uko pembeni ya nyumba.

Kwa nini agizo dogo hutushinda kutii kuliko agizo kubwa?

ALHAMISI
Kukifundisha Kinywa

Soma Kutoka 15:22–27. Israeli walifika Mara, na maji yalikuwa machungu. Walikosea kwa kunung'unika, lakini uchungu ulikuwa wa kweli. Bwana hakuwaambia wavumilie tu. Alimwonyesha Musa mti, na maji yakawa matamu. Basi si dhambi kuyafanya maji yanyweke. Kwanza tafuta kwa nini huyapendi.

Kama yananuka moshi, funika sufuria unapochemsha. Yakishatokota vizuri, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Kama yamekuwa mazito mdomoni, ni kwa sababu hewa imetoka wakati wa kuchemka. Yamimine mara kadhaa kutoka chombo safi kwenda chombo safi, ladha itarudi. Kama yana harufu ya dawa ya kusafishia, yapumzishe kwa muda baada ya dawa kumaliza kazi yake. Mtungi wa udongo huyapoza, ila usafishwe mara kwa mara na uwe na kifuniko. Kipande cha limau au majani ya mchaichai yaliyooshwa husaidia wengi. Sukari usiongeze, maana utakuwa unakifundisha kinywa kuirudia soda.

Kiasi gani kinatosha? Wataalamu wa chakula wa Ulaya hukadiria lita 2 kwa siku kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanaume, pamoja na maji yaliyomo ndani ya vyakula. Ndizi zilizopikwa, mboga, matunda na uji vyote vinachangia. Mama anayenyonyesha huhitaji kama lita 0.7 zaidi. Anayelima juani aongeze. Alama rahisi ni mkojo: ukiwa wa njano hafifu, unaendelea vizuri, ukiwa mzito kama chai, mwili unaomba. Wazee wasingoje kiu, kwa kuwa kiu hupungua na umri.

Anza kama Danieli, kwa siku kumi. Glasi moja ya robo lita unapoamka, kabla ya kuongea na mtu. Moja katikati ya asubuhi, moja saa moja kabla ya chakula cha mchana, moja alasiri. Kunywa kwa mafunda madogo. Baada ya siku kumi, ongeza glasi moja, kisha nyingine. Kinywa kitalalamika siku za mwanzo, halafu kitazoea.

Angalizo: mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo, au aliyezuiwa na daktari, afuate kipimo alichopewa. Na mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe maji; maziwa ya mama yanamtosha.

Linganisha na 1 Wakorintho 9:24–27. Paulo anaongea juu ya mwanariadha. Mazoezi ya kinywa yanafanana vipi na mazoezi ya mbio?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Tumemwona mfalme aliyezungukwa na pombe asilewe, na binti aliyezungukwa na maziwa asiyeweza kukataa. Waliishi ndani ya uzio mmoja. Mmoja alikitawala kinywa chake, mwingine kinywa chake kilitawaliwa na wengine. Rumanyika alifanya hivyo bila Biblia na bila Shule ya Sabato. Sisi tulio na nuru zaidi, na tunaofundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, tunadaiwa zaidi. Tunajisifu kwamba hatunywi pombe, na ni vema. Lakini kiasi hakiishii kwenye kuacha kilicho kibaya. Kinaendelea hadi kukipokea kilicho chema, hata kama ulimi haujakizoea.

Maswali ya Kujadili

1. Je, mtu anayekataa rubisi lakini hanywi maji ya kutosha ameishika kanuni ya kiasi yote, au nusu yake? Eleza.

2. Katika kundi lenu yuko nani ambaye maji hayamshuki? Mnawezaje kumsaidia kwa upole bila kumkemea, kama watumishi wa Naamani walivyofanya?

3. Kanisani kwenu, siku ya chakula cha pamoja, maji safi ya kunywa yanawekwa wapi? Watoto wanayafikia? Mwekeni mtu mmoja ayasimamie kuanzia Sabato ijayo.

4. Kubalianeni siku kumi za majaribio. Kila mmoja achague idadi ya glasi anayoiweza, aiandike nyuma ya kijitabu hiki, na mrudi kusimuliana.