Bildad Kaggia: Waziri Mdogo na Sauti ya Kandara

Msafiri anayetoka soko la Kangari, pale mashamba ya majani chai yanapoukaribia msitu wa Nyandarua, akateremka kuelekea Kandara kwenye mibuni, huvuka vijito na miinuko mingi. Kila mwinuko una vipande vyake vya ardhi, vingi vyavyo vidogo mno, na kila kipande kina historia ya nani alikilima, nani alinyang'anywa na nani alirejea kutoka kizuizini akamkuta jirani amekwisha kupanda ua. Ardhi hiyo ndiyo iliyomfanya Bildad Mwaganu Kaggia kuwa mwanasiasa aliyependwa, kisha ikamfanya mwanasiasa aliyekataliwa. Aidha, ndiyo iliyomlazimisha kulijibu swali ambalo viongozi wengi hulikwepa maisha yao yote: je, aliyepewa wadhifa serikalini afuate rai yake mwenyewe, rai ya serikali iliyomteua, au rai ya umma uliompa kura?

Eneo hilo lilikuwa limekwisha kushuhudia jibu la namna moja. Huko Kinyona, juu kidogo ya Kangari, alitawala Chifu Njiri wa Karanja, mzee aliyeitumikia serikali ya kikoloni kwa miongo kadhaa. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952 na raia wengi wa Murang'a kula kiapo, Njiri alikataa katakata. Hakujificha wala hakuyumba. Alisimama na Waingereza hadharani huku watu wake wengi wakiwa upande wa pili. Lakini historia ina kejeli zake. Mapema mwaka 1962, mwanawe, Kariuki Njiri, ndiye aliyekiacha kiti chake katika Baraza la Kutunga Sheria ili Jomo Kenyatta apate kuingia. Baba aliupuuza umma, mwana aliutii. Kaggia alikuwa na ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa serikali aliyopambana nayo ilikuwa yake mwenyewe.

Kaggia alizaliwa mwaka 1921 huko Dagoretti, katika familia iliyotoka Murang'a. Alisoma katika shule za wamisheni wa Kianglikana, zikiwemo Dagoretti na Kahuhia, na alikuwa na uwezo wa kuendelea mbele lau karo ingepatikana. Haikupatikana. Akawa karani katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya mjini Murang'a, ambao enzi hizo uliitwa Fort Hall. Hilo si jambo la kupitwa kwa haraka, maana lilimpa nafasi ya kuiona serikali kutoka ndani angali kijana: jinsi faili linavyofunguliwa, jinsi amri inavyoandikwa ofisini na kufika kijijini ikiwa imevaa sauti ya chifu. Mwaka 1940 alijiunga na jeshi, akapelekwa Mashariki ya Kati na hatimaye Uingereza. Aliporudi nyumbani mwaka 1946 hakuwa tena yule karani mnyenyekevu. Aliona kuwa dini ya wamisheni ilikuwa imefungamana mno na utawala wa wageni. Akajitenga na Kanisa la Kianglikana na kuanzisha kundi la waumini ambalo watu walilipa jina lake.

Kutoka dini aliingia katika vyama vya wafanyakazi jijini Nairobi, akifanya kazi bega kwa bega na Fred Kubai. Mwaka 1951 wawili hao na wenzao waliutwaa uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU, na tawi hilo likawa na makali kuliko makao makuu. Alikuwa pia katika kamati ya siri iliyouongoza mwendo wa kiapo. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 alikamatwa. Kesi ya Kapenguria inafahamika vyema: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Mnamo Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Kaggia aliimaliza adhabu hiyo katika jangwa la Lokitaung, kisha akazuiliwa huko kaskazini hadi mwaka 1961.

Wakati yeye akivunja mawe Turkana, nyumbani ardhi ilikuwa ikigawanywa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia kuviunganisha vipande vilivyotawanyika na kumpa kila mwenye shamba hati ya kumiliki. Kwa upande wa kilimo, hoja ilikuwa na mashiko. Kasoro ilikuwa wakati uliochaguliwa na watu waliokabidhiwa kazi. Maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini, msituni au kaburini, na wanawake na watoto walikuwa wamesongamanishwa katika vijiji vya lazima. Kamati zilizopima mashamba zilitawaliwa na wafuasi wa serikali na askari wa ulinzi wa nyumbani. Asiyekuwepo hakuwa na wa kumsemea. Katika wilaya ya Murang'a hitilafu zilikuwa nyingi kiasi kwamba serikali ya kikoloni yenyewe ililazimika kuirudia kazi hiyo upya sehemu nyingi. Aliyerudi kutoka kizuizini akakuta mgunda wake umesogezwa bondeni penye mawe, au haupo kabisa, hakuhitaji mwanasiasa wa kumfundisha uchungu. Alihitaji wa kuupeleka uchungu huo Nairobi.

Katika uchaguzi wa mwaka 1963 watu wa Kandara walimchagua Kaggia, naye Kenyatta akamteua kuwa Waziri Mdogo katika Wizara ya Elimu. Shughuli za wizara hazikumzuia kuzungumzia ardhi. Alitaka walionyang'anywa mashamba wafidiwe. Alitaka wasio na ardhi wapewe bila malipo, maskwota wasifurushwe, na mashamba makubwa yaliyoachwa na walowezi yaendeshwe kwa ushirika badala ya kununuliwa na matajiri wachache Waafrika. Hayo aliyasema Bungeni na katika mikutano ya hadhara, akiwa bado amevaa koti la serikali.

Serikali nayo haikukosa hoja, na ni dhuluma kuisimulia habari hii kana kwamba upande mmoja ulikuwa na akili na mwingine tamaa tu. Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962 ukilenga kuzipa makao familia zipatazo 35,000, uliendeshwa kwa fedha za mkopo kutoka Uingereza, na mkopo hulipwa. Kutoa bure hapa kungemfanya aliyekwisha kununua kule agome kulipa. Kuzifungua upya hati za Murang'a kungefungua pia kesi za Nyeri na Kiambu, na huenda damu ingemwagika tena. Juu ya yote kulikuwa na kanuni ya uwajibikaji wa pamoja: aliye serikalini huweza kupinga faraghani, lakini nje husema lile lililoamuliwa. Kanuni hii ililetwa pamoja na mfumo wa Bunge la Uingereza, nchi ambayo Edmund Burke aliwaeleza wapiga kura wa Bristol mwaka 1774 kwamba mbunge ana deni la kuwapa busara yake, wala si kuwa tarishi wa matakwa yao. Burke hakudumu Bristol. Miaka sita baadaye alijiondoa katika kinyang'anyiro alipotambua kwamba angeshindwa.

Kaggia aliichukua njia iliyo kinyume. Kwake, wadhifa haukuwa zawadi ya Rais bali amana ya wapiga kura, na amana haibadilishi mwenyewe kwa sababu imewekwa ofisini. Mnamo Mei 1964 Kenyatta alimwandikia barua akimtaka aache kuushambulia msimamo wa serikali kuhusu ardhi. Kaggia hakukana alichosema. Alishikilia kwamba kuyaeleza mateso ya wasio na ardhi si kuihujumu serikali. Juni mwaka huohuo akaondoka. Wapo wanaoandika kwamba alifutwa na wapo wanaoandika kwamba alijiuzulu; tofauti hiyo ina uzito mdogo kwa mtu aliyetakiwa kuchagua kati ya ulimi na kiti.

Tukio linalokumbukwa zaidi lilitokea Kandara kwenyewe, Aprili 1965. Kenyatta alifika kuhutubia mkutano mkubwa katika eneo la mbunge huyo, na mbele ya umati akamgeukia. Aliwataja waliokuwa pamoja gerezani, akahesabu walichojipatia tangu uhuru: huyu nyumba kubwa, yule mabasi, mwingine shamba. Kisha akamuuliza Kaggia yeye amejifanyia nini. Swali hilo linastahili kutafakariwa na kila anayesoma historia ya Kenya. Halikuuliza kama Kaggia amewasaidia watu wa Kandara. Halikuuliza kama hoja yake kuhusu ardhi ni kweli au uongo. Liliugeuza umaskini wa kiongozi kuwa ushahidi dhidi yake, na lilifanya hivyo mbele ya watu ambao wengi wao walikuwa maskini kumliko. Kaggia aliaibishwa nyumbani kwake, na aliyemwaibisha ni mtu ambaye umma huohuo ulimwita Baba wa Taifa. Tangu siku hiyo sauti ya Kandara haikuwa moja tena.

Mwaka uliofuata mambo yalikwenda mbio. Katika mkutano wa KANU uliofanyika Limuru mwezi Machi 1966, Kaggia alichaguliwa makamu wa rais wa chama kwa Mkoa wa Kati, kisha kura ikarudiwa na James Gichuru akatangazwa mshindi. Oginga Odinga alipojitoa na kuunda KPU, Kaggia alimfuata na kuwa naibu wake. Bunge likabadilisha Katiba haraka ili kila aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Hapo ndipo nadharia ya Kaggia ilipowekwa kwenye mizani. Alikuwa ameacha cheo kwa jina la watu wa Kandara. Sasa watu wa Kandara waliulizwa. Katika uchaguzi mdogo wa Juni 1966 walimkataa wakamchagua Taddeo Mwaura wa KANU.

Je, hiyo ilikuwa rai ya umma? Ni vigumu kujibu ndiyo au la. KPU ilinyimwa leseni za mikutano, na machifu na maofisa wa wilaya hawakuficha walikoegemea. Tena, Mkikuyu aliyemfuata Odinga alihesabiwa kuwa amewasaliti wenzake. Lakini haitoshi kusingizia vitisho peke yake. Mkulima wa Kandara mwenye hati mpya mkononi na miche ya kahawa shambani alikuwa na la kupoteza, na aliona barabara, shule na zahanati huja kwa anayekaa karibu na serikali. Huenda alikubaliana na Kaggia moyoni na kumpigia kura Mwaura. Rai ya umma haikai mahali pamoja ikimsubiri kiongozi aje kuiokota. Kaggia aliisikia ya mwaka 1963 akaendelea kuitumikia wakati wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza kuhesabu mengine. Kwa maana hiyo, kufikia mwaka 1966 alikuwa amegeuka kuwa mtu wa rai yake mwenyewe, pengine bila kujua.

Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya Waafrika, kwa kuhutubia mkutano usio na kibali huko Nyanza Kusini. Mwaka 1969, kabla ya KPU kupigwa marufuku mwezi Oktoba, alirudi KANU. Baadaye aliteuliwa kuiongoza bodi ya kuuza pamba. Wapo waliomlaumu kwa kusalimu amri. Lawama hiyo ni nyepesi kwa asiyewahi kulala Lokitaung, ingawa ni kweli kwamba katika bodi hiyo hakukuwa na jukwaa la kutetea wasio na ardhi. Bungeni hakurudi tena.

Tawasifu yake, Roots of Freedom, ilitoka mwaka 1975, mwaka uleule ambao J. M. Kariuki, aliyekuwa amelibeba suala lilelile la ardhi na matajiri wapya, aliuawa na maiti yake kuokotwa Ngong. Kitabu hicho kinakoma mwaka 1963. Msomaji huletwa hadi mlangoni mwa Wizara ya Elimu na kuachwa hapo. Kaggia aliishi miaka thelathini mingine bila utajiri wa kulinganishwa na wa wenzake wa Kapenguria, akafariki tarehe 7 Machi 2005. Kitabu kilichoisimulia sehemu iliyobaki ya maisha yake kilichapishwa mwaka 2012, yeye akiwa kaburini mwaka wa saba.