Absalomu: Uchungu Uliosahau Sababu Yake

Mafungu ya kusoma: 2 Samweli 13–18, Mambo ya Walawi 19:17, 18, Mathayo 18:21-35, Waefeso 4:26-32, Waebrania 12:15.

Absalomu alizaliwa Hebroni, mwana wa tatu wa Mfalme Daudi. Mama yake, Maaka, alikuwa binti wa Talmai, mfalme wa Geshuri (2 Sam. 3:3). Katika Israeli yote hakuna aliyesifiwa kwa uzuri kama yeye. Wengi humkumbuka kama mwana aliyemwasi baba yake, lakini habari zake hazianzi na uasi. Zinaanza na dada aliyedhulumiwa.

Amnoni, mzaliwa wa kwanza wa Daudi, alijifanya mgonjwa na kuomba Tamari, dada yake Absalomu, aje kumwandalia chakula. Alipokuja, Amnoni alimnajisi kwa nguvu, kisha akaamuru afukuzwe na mlango ufungwe nyuma yake. Tamari akatia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda zake akilia. Tangu siku hiyo alikaa katika nyumba ya Absalomu, amevunjika moyo (2 Sam. 13:1-20).

Daudi aliposikia, alikasirika sana, lakini hakuna hukumu yoyote iliyotolewa. Huenda kumbukumbu ya dhambi yake mwenyewe kwa Bathsheba na Uria ilimfunga kinywa. Mwamuzi wa Israeli yote alishindwa kuamua katika nyumba yake.

Basi hasira ya Absalomu ilikuwa na sababu ya haki. Torati haikumtaka auone uovu ule kuwa jambo dogo. Ilimtaka asimchukie ndugu yake moyoni, bali amkemee waziwazi, wala asijilipizie kisasi (Law. 19:17, 18). Angeweza kumwendea mfalme. Angeweza kumtafuta nabii Nathani, ambaye tayari alikuwa amemkabili Daudi uso kwa uso. Badala yake alimshauri Tamari anyamaze na asilitie jambo lile moyoni, huku yeye mwenyewe akilitia moyoni mwake na kulihifadhi huko. Hakumwambia Amnoni neno lolote, zuri wala baya (2 Sam. 13:22).

Ukimya huo ulidumu miaka 2. Mtu wa nje angeweza kudhani mambo yamepoa. Kisha ukafika wakati wa kukata kondoo manyoya huko Baal-hasori, na Absalomu akawaalika wana wote wa mfalme kwenye karamu. Amnoni alipokuwa amechangamka kwa mvinyo, watumishi wa Absalomu walimwua. Absalomu akakimbilia Geshuri kwa babu yake, akakaa huko miaka 3.

Yoabu alipofanya mpango wa kumrudisha, Daudi alikubali, lakini kwa nusu. Absalomu alikaa Yerusalemu miaka mingine 2 bila kuruhusiwa kuuona uso wa mfalme (2 Sam. 14:24, 28). Hatimaye Daudi alimbusu. Lakini Maandiko hayataji toba ya Absalomu kwa damu aliyoimwaga, wala hayataji neno lolote la mfalme kuhusu Tamari. Jeraha lilifunikwa kabla ya kusafishwa.

Baada ya hapo Absalomu alijipatia gari, farasi na watu 50 wa kupiga mbio mbele yake. Kila asubuhi alisimama kando ya njia ya lango, akiwaambia wenye mashtaka kwamba kwa mfalme hakuna wa kuwasikiliza, na kwamba yeye angewapa haki. Hapo kidonda cha zamani kinaonekana. Alijua maana ya kukosa haki, na maumivu hayo akayageuza kuwa ngazi ya kupandia kwenye kiti cha enzi.

Uchungu humvuta mwenye uchungu mwenzake. Ahithofeli, mshauri wa Daudi, alijiunga na uasi. Alikuwa na mwana aitwaye Eliamu (2 Sam. 23:34), na baba yake Bathsheba aliitwa Eliamu pia (2 Sam. 11:3). Kama huyo ni mtu mmoja, Ahithofeli alikuwa babu yake Bathsheba, naye alikuwa na kinyongo chake cha miaka mingi. Kwa shauri lake, hema ilipigwa juu ya dari ya nyumba ya mfalme, na Absalomu akawaingilia masuria wa baba yake mbele ya macho ya Israeli yote (2 Sam. 16:20-22).

Mtu aliyeua kwa sababu dada yake alinajisiwa, sasa alifanya unajisi hadharani. Wanawake 10 walioachwa na Daudi kutunza nyumba walifungiwa ndani mpaka kufa kwao, wakiishi kama wajane (2 Sam. 20:3). Tamari mmoja akawa Tamari wengi. Hapa ndipo hatari kubwa ya kutosamehe. Huanza kwa kuchukia uovu, na humaliza kwa kufanana nao.

Vita vilipiganwa katika msitu wa Efraimu, na watu 20,000 wakafa siku hiyo. Absalomu alinaswa kichwa katika matawi ya mwaloni, nyumbu wake akaenda zake. Yoabu akamchoma kwa mishale 3 angali hai. Daudi alipopata habari, alilia katika chumba cha juu ya lango. Upendo ambao mwana aliungojea miaka mingi ulimwagika wakati hawezi tena kuusikia.

Miaka mingi baadaye, Mwana mwingine wa Daudi alivuka kijito kile kile cha Kidroni ambacho Daudi alikivuka akimkimbia Absalomu. Yeye pia alidhulumiwa na kutundikwa mtini. Lakini hakuuita uovu kuwa wema, wala hakulipiza. Aliwaombea waliomwua, akajikabidhi kwa Baba ahukumuye kwa haki. Kusamehe si kumnyamazisha Tamari, wala si kumficha Amnoni asiwajibike. Ni kumwachia Mungu kisasi kabla jua halijachwa, ili mizizi ya uchungu isipate udongo.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kutafuta haki na kuhifadhi kinyongo? Mtu atajuaje kwamba amevuka mpaka?
2. Kanisa lifanye nini ili waliodhulumiwa wasikilizwe, wasiambiwe tu wanyamaze?
3. Je, kuna mtu uliyemruhusu arudi, lakini bado humwonyeshi uso wako? Ni hatua gani unaweza kuchukua juma hili?