Mwanamfalme Paul: Mtawala wa Yugoslavia aliyezuiliwa Naivasha

WAKATI wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali za Uholanzi, Norway, Poland na Yugoslavia zilihamia London baada ya nchi zao kutekwa na Ujerumani. Lakini aliyekuwa mtawala wa Yugoslavia, Mwanamfalme Paul, hakupokewa London. Uingereza ilimpeleka Kenya akiwa mfungwa wa kisiasa.

Paul alizaliwa St Petersburg, Urusi, Aprili 27, 1893 na kusoma Oxford, Uingereza. Mwaka 1923 alimwoa Olga, binti wa ukoo wa kifalme wa Ugiriki.

Binamu yake, Mfalme Alexander, aliuawa kwa risasi mjini Marseille, Ufaransa, Oktoba 9, 1934. Mrithi wa kiti, Peter, alikuwa na umri wa miaka 11 tu, hivyo Paul akashika hatamu kwa niaba yake.

Mwaka 1941 Hitler alimtaka ajiunge na kambi yake. Paul aliipenda Uingereza, lakini jeshi lake lilikuwa dhaifu na msaada ulikuwa mbali. Machi 25, serikali yake ilitia saini mkataba na Ujerumani, Italia na Japani. Siku mbili baadaye, wanajeshi walimpindua na kumtawaza Peter, aliyekuwa na miaka 17. Aprili 6, ndege za Ujerumani ziliishambulia Belgrade, na mfalme huyo kijana akakimbia na mawaziri wake hadi London.

Paul, mkewe na watoto wao watatu walipitia Ugiriki na Misri kabla ya kuletwa Kenya. Waliwekwa Oserian, kando ya Ziwa Naivasha, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Nakuru. Hilo lilikuwa jumba la Lord Erroll, mlowezi aliyeuawa karibu na Nairobi Januari mwaka huohuo.

Mandhari ya ziwa hayakumwondolea uchungu. Hakushtakiwa mahakamani, wala hakupata nafasi ya kujitetea. Agosti 1942, shemeji yake, Duke wa Kent, alifariki katika ajali ya ndege huko Scotland. Olga aliruhusiwa kwenda kumfariji dada yake mjane. Paul alibaki Kenya.

Mwaka 1943 familia hiyo ilihamishiwa Johannesburg, Afrika Kusini. Vita vilipokwisha, utawala wa kikomunisti wa Yugoslavia ulimtangaza Paul mhalifu wa vita na kutaifisha mali yake. Peter naye alipoteza kiti ufalme ulipofutwa Novemba 1945, akafia Marekani mwaka 1970. Paul alifariki Paris Septemba 14, 1976, akazikwa Uswisi.

Haki ilimfikia akiwa kaburini. Mahakama ya Serbia ilimsafisha jina mwaka 2011, na Oktoba 2012 mabaki yake yalizikwa upya Oplenac, kwenye makaburi ya wafalme wa ukoo wake. Oserian nayo, baada ya vita, ilipata sifa nyingine duniani: mashamba ya maua.